Daktari Aliyeshika Mkono Akanyamaza

Wanajeshi walikiita bembea. Daktari mwenyewe alikuwa amekipa jina refu la kitaalamu ambalo hapana mtu pale Garissa aliyeliweza, na mimi mmojawapo. Kilikuwa kitanda cha chuma cha wodini, ambacho seremala wa boma alikikata miguu, akakipachika katikati juu ya chuma kizito alichong'oa kwenye lori bovu, akakitia mikanda ya kufungia mizigo. Ukilala, ukafungwa mikanda, mtu akasukuma mpini, kichwa hupanda na miguu hushuka mpaka unajikuta umesimama wima bila kupenda. Akisukuma upande wa pili, miguu ndiyo hupanda, na kila ulichokula asubuhi huanza kutafuta mlango.

Kazi yangu ilikuwa kusukuma mpini.

Mimi mzaliwa wa Mombasa, Mji wa Kale, mwanamke wa buibui na ulimi. Uuguzi nilisomea huko huko pwani, na siku nilipoambiwa nimepangiwa Garissa, mama alilia kana kwamba nakwenda kuzikwa. Ilikuwa miaka ya vita vya shifta, uhuru ungali mbichi. Wasomali wengi wa kule walitaka kujitenga na Kenya, serikali haikutaka hata kulisikia neno hilo, na katikati yao barabara zikajaa askari, na baadaye mabomu ya kufukiwa ardhini. Jioni filimbi ililia, na baada ya filimbi hapana ruhusa ya kuonekana nje. Mama aliyajua yote hayo kutoka kwa majirani zake, ambao hawakuwahi kuvuka Mto Tana lakini walijua kila kitu. Mimi niliogopa joto peke yake, na sikukosea. Hata wale korongo wakubwa wenye vipara, waliokaa juu ya paa la hospitali wakitutazama tukifanya kazi, walikuwa wakitweta.

Daktari alikuwa kapteni wa jeshi, mtu wa bara, wa kule kwenye majani ya chai na ukungu. Mrefu, mwembamba, shingo ndefu, na mikono ambayo hakujua aiweke wapi isipokuwa imeshika mgonjwa. Hospitali yetu ilikuwa ya raia, lakini jeshi lilikuwa limeazima vyumba viwili vya mwisho, na pamoja na vyumba likaniazima mimi, kwa kuwa nilisema Kiswahili cha kueleweka na nilikuwa Mwislamu, na wakubwa waliona hayo yanatosha kunifanya mkalimani wa Kisomali. Nilikuwa sijui neno. Nilijifunza kwa wagonjwa, na maneno ya kwanza niliyoyajua vizuri yalikuwa ya matusi.

Alikuwa amesoma ng'ambo akarudi na swali moja kichwani, na swali hilo lilimkalia kama deni la mahari. Alikuwa ameona askari aliyekatika mguu akiomba sigara, na mwingine mwenye jeraha la kufunikwa kwa kiganja akizimika mbele ya macho yake. Kwa nini? Moyo wenyewe haukuguswa, basi mbona unaacha kazi?

“Mwili ni mwongo, sista,” aliniambia siku ya kwanza, kabla hata hajaniuliza hali. “Damu ikipungua, mwili unabana mishipa, unafunga milango ya ndani, unaonyesha presha nzuri kabisa. Ukimpima mtu unasema huyu mzima. Halafu nguvu ya kubana inakwisha, na kila kitu kinaanguka kwa pamoja. Hapo umechelewa. Mimi nataka kuukamata wakati unasema uongo.”

Bembea ilikuwa mtego wake. Mtu aliyepungukiwa damu, ukimwinua tu kidogo kutoka kulala, uongo wa mwili unafichuka kwa sababu presha inashuka hapo hapo. Lakini ili ajue mgonjwa anashukaje, ilikuwa lazima kwanza ajue mzima anashukaje. Alihitaji watu wazima wenye afya, wengi, wa kufungwa mikanda na kubinuliwa.

Alianza na koplo, dereva wake, jitu la miraba minne lililobeba magunia kama mito ya kulalia. Nilisukuma mpini. Koplo akasimama wima, akatabasamu, akageuka rangi, akatapika juu ya viatu vya kapteni. Tangu siku hiyo daktari alipokatiza uwanjani, kila mwanajeshi alikumbuka kazi ya haraka upande mwingine. Wengine waliamua ghafla kufyeka nyasi, na Garissa hapakuwa na nyasi.

Ndipo alipoingia Edo.

Edo ni shangazi kwa Kisomali, na kila mtu alimwita hivyo, hata wale ambao hawakuwa na undugu naye wala na taifa lake. Alikuwa mama mtu mzima kutoka mtaa wa Galbet, mwembamba, meno machache lakini yenye kazi nyingi, na alikuwa akiuza chai nje ya lango la hospitali. Chai yenyewe ilikuwa ya maziwa ya mbuzi, hiliki, mdalasini, na sukari ilipopatikana. Aliingia siku moja chumbani kwetu bila kubisha, akakitazama kitanda upande huu na upande huu.

“Mimi nataka banda hii,” akasema, yaani kupanda, maana P kinywani mwake ilikuwa B, na V ilikuwa F.

Daktari akaanza kumweleza maana ya utafiti. Edo alikuwa amekwisha kulala. Nikamfunga shuka miguuni kwa ajili ya stara, nikamfunga mikanda, nikasukuma. Akapanda, akaona ukuta umeshuka chini, akacheka kicheko ambacho nadhani kilisikika ng'ambo ya mto. “Tena!” akasema. “Lakini bole bole.”

Kesho yake alikuja na wenzake. Daktari aliwapa kila mmoja pakiti ndogo ya sukari, na sukari siku zile ilikuwa adimu, kwa hiyo sitajidai kwamba Galbet nzima ilishikwa na mapenzi ya sayansi. Wanawake tuliwawekea pazia, daktari akakaa upande wake na kupewa mkono tu. Wazee wa kiume walikuja na bakora zao na heshima zao, wakabinuliwa na heshima zao, wakaondoka na sukari mfukoni kama hawana habari.

Kila mmoja, daktari alifanya vile vile. Alimshika kifundo cha mkono, akainamisha shingo ile, akatazama saa yake, akanyamaza, akiwa ndani ya magwanda na kofia ya jeshi, nyota begani.

Na kila mmoja, mapigo ya moyo yalikuwa yanakimbia! Kabla hata sijagusa mpini, mioyo ilikuwa mbio. Daktari akafurahi hadi akapoteza hamu ya kula. Alitembea chumbani akipiga vidole. Mioyo ya jangwani, aliiita. Watu wa huku, alisema, kwa ajili ya joto na kiu ya miaka na miaka, Mungu amewapa moyo wa mwendo mwingine, na hapana daktari duniani aliyewahi kuliona hilo. Aliniuliza kama nafahamu uzito wa jambo lile. Nilifahamu kwamba siku hiyo nilikuwa nimebinua watu tangu asubuhi na mgongo ulikuwa unanikatika.

Alikuwa tayari kuwapelekea wakubwa wake Nairobi habari hizo kubwa. Asubuhi hiyo hiyo Edo alikuja kubembea, maana kwake ilikuwa starehe. Kabla sijamfunga mikanda, daktari akamshika mkono, akainama, akanyamaza, macho kwenye saa. Edo akamtazama usoni muda. Kisha akauliza taratibu:

“Nani nakufa?”

Daktari akainua kichwa. “Hapana mtu aliyekufa, Edo.”

“Sasa kwa nini nashika mkono yangu halafu nanyamaza?”

Daktari akanitazama mimi. Mimi nikatazama korongo dirishani.

“Sikiliza, mtoto,” Edo akasema, na alikuwa anamwambia kapteni wa jeshi. “Sisi, mtu nashika mkono, nasalimia. Nyumbani nabad? Watoto nabad? Mbuzi nabad? Kama nashika mkono, hapana salimia, naangalia chini, hiyo ni habari ya maiti. Na kama ni mtu ya serikali, nafaa kofia, naangalia saa, basi hiyo nakamata wewe. Watu nakuja hapa, wewe nashika, moyo nakimbia. Hata mimi moyo nakimbia, na mimi hapana ogoba kitu. Wewe nafurahi, naandika.”

Nabad ni amani. Kila jibu la salamu yao ni hilo.

Nilidhani daktari angekasirika, maana nimewahi kuona wasomi wakikasirikia vitu vidogo kuliko hivyo. Akanyoosha shingo. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka machozi, akaketi pembeni mwa bembea, na bembea haikujengwa kuketiwa pembeni. Koplo alipofungua mlango kuona kuna nini, alikuta viatu vya kapteni vinatazama dari na mama muuza chai amekaa chini akijipepea kwa ncha ya shuka. Koplo akafunga mlango polepole.

Mioyo ya jangwani ikafa siku hiyo bila matanga, na daktari akaanza shule.

Mwalimu wake alikuwa Edo. Kwanza alivuliwa kofia na magwanda, akavaa koti jeupe. Kisha akafundishwa salamu yote, mkono kwa mkono, bila kuruka kitu. Nyumbani nabad? Watu nabad? Watoto nabad? Mbuzi nabad? Ngamia nabad? Malisho? Mvua? Njiani? Unajibiwa nabad, nabad, mpaka mwisho, halafu yule mwenzako naye anaanza kukuuliza wewe, na wewe unajibu tu nabad, hata kama huna ngamia wala hujui mbuzi wenu wako wapi. Daktari alitamka maneno yale kama mtu anayetafuna mchanga, na wazee wakamsamehe, maana alikuwa anajaribu. Mapigo yakatulia. Bembea ikaanza kutoa majibu ya kweli.

Jambo moja lilimtatiza. Ngamia wa ukoo wa Edo walikuwa wamechukuliwa na jeshi, kwa madai kwamba maziwa yao yanawanywesha shifta, yaani waasi wa porini. Mji mzima ulijua. Na kila asubuhi daktari alipofika kwenye ngamia, Edo alimjibu “Nabad” bila kupepesa jicho.

“Mbona ananidanganya?” akaniuliza faraghani. Aliona haya, na nilimpenda kwa haya hiyo.

“Hakudanganyi,” nikamwambia. “Kwetu mtu yuko taabani kitandani, ukimuuliza hujambo anakujibu sijambo. Kwanza unatoa amani, habari zinakuja baadaye.”

“Na zake mbona haziji?”

“Zitakuja siku atakayokuona unastahili kuzisikia.”

Akafikiri. “Kumbe na salamu husema uongo,” akasema, “kama mwili.” Tangu hapo nilimsikia akinung'unika maneno hayo wodini kote, na nikajua jambo jingine linapikwa kichwani mwake.

Kweli lilipikwa. Alianza kusalimia majeruhi wote, Wasomali kwa salamu yao, wanajeshi wa bara kwa lugha za kwao, na mimi, kwa mazoezi, mpaka nikamwambia akiniuliza tena habari za ngamia wangu nitarudi Mombasa kwa miguu. Akaona kitu. Mgonjwa ambaye damu yake iko sawa, hata akiwa na maumivu ya kufa mtu, akimaliza kujibu anakuuliza na wewe. Hawezi kujizuia, ndivyo alivyolelewa. Anayeanza kudidimia anajibu tu. Kujibu, alisema daktari, mdomo unaweza peke yake. Lakini kumuuliza mwenzako hali yake, lazima kwanza umkumbuke kwamba yupo, na kwa hilo kichwa kinahitaji damu.

“Ukisikia mtu amejibu yote na hakuniuliza,” akaniambia, “leta chupa za maji ya chumvi, usingoje presha.”

Hakuwa na hakika bado. Alisema ni dhana tu. Ila kisa cha mioyo ya jangwani alikisimulia kwenye meza ya maofisa, akijicheka mwenyewe, na aliyecheka kuliko wote alikuwa meja mmoja mwenye masharubu, mkubwa wa mambo ya upelelezi. Nataka msomaji aushike huo ucheko wa meja, maana ulirudi.

Edo alikuwa amemlea mtoto wa marehemu kaka yake, kijana wa makamo ya kuoa, mfanyakazi kwenye lori la kubeba mbuzi kutoka Ijara. Asubuhi moja lori hilo lilikanyaga bomu. Dereva akafa hapo hapo, Mungu amrehemu, na mbuzi wengi. Kijana alikuwa amekaa nyuma juu ya mizigo, akarushwa, akatua kwa ubavu kando ya barabara, akainuka. Wanajeshi waliofika walimkuta anatembea tembea katikati ya mizoga, hana hata mkwaruzo, na hilo lilimponza. Aliyekaa nyuma akapona, wakasema, alijua bomu liko wapi.

Wakamleta Garissa. Edo alikuwa langoni kwenye majiko yake alipomwona anashuka kwenye lori la jeshi. Alimwita, askari wakamzuia. Mimi nilikuwa natoka kuchukua maji.

“Sista, natembea mwenyewe,” akaniambia, kanishika buibui. “Umeona? Miguu yake. Ni mzima?”

“Mzima, Edo. Nimemwona.”

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoona.

Ndani, meja alikuwa amesimama na fimbo yake kwapani. Msafara wa magari ulikuwa unaondoka mchana huo kwenda kambi nyingine, mbali, ambako watu huulizwa maswali, na alitaka kijana awemo. Alichohitaji ni daktari aseme anaweza kusafiri. Daktari akampima. Presha nzuri, ya kijana. Tumbo alilibonyeza, kijana akakunja uso kidogo, akasema hapana kitu. Mapigo yalikuwa yanakimbia.

“Mapigo yana mbio,” daktari akasema.

Meja akacheka ucheko ule ule wa mezani. “Kapteni, si wewe uliyetufundisha? Hawa wakituona mioyo inakimbia. Mtu aliyetega bomu ana sababu zaidi. Sema ndiyo tuondoke.”

Nilimwona daktari anakwama. Kijana mwenye woga na kijana anayevuja damu ndani, kwa saa na kwa mpira wa presha ni mtu mmoja. Na ile hadithi yake mwenyewe, aliyoisimulia kwa kucheka, ilikuwa imekaa mbele yake imemkunjia mikono. Nilikasirika. Nilimkasirikia meja, nikamkasirikia daktari, nikakasirikia hata masharubu.

Daktari akavua kofia. Akatoa magwanda, akavaa koti lake jeupe, akavuta kiti, akamshika kijana mkono, akaanza. Nyumbani nabad?

“Nabad,” kijana akasema.

Watu nabad? Watoto? Mbuzi? Hapo mimi nilitaka kulia, maana mbuzi wale wote walikuwa barabarani. “Nabad,” kijana akasema. Ngamia? Malisho? Mvua? Nabad, nabad, nabad, sauti nyepesi, macho ukutani.

Daktari akamaliza. Akangoja. Alikuwa bado kamshika mkono, kamsogezea uso, anangoja kama mtu aliyebisha hodi. Nami nikangoja. Kijana aliyelelewa na Edo, aliyefundishwa salamu kabla ya kufundishwa kuvaa kikoi chake, akatazama ukuta, asiulize kitu.

“Hasafiri,” daktari akasema.

“Kwa sababu gani?”

“Hakuniuliza hali yangu.”

Meja alimtazama kama mtu aliyepigwa jua. “Kapteni, mateka hana adabu, na wewe unaliita hilo ugonjwa?”

“Sina hakika, afande. Nipe bembea.”

Tulimlaza, tukamfunga. Daktari akavaa vipira vya masikioni, akavimbisha mpira wa mkononi. “Kidogo sana, sista. Nikisema rudisha, rudisha upesi.” Nikashika mpini kwa mikono miwili. Nilikuwa nimewabinua wazee na bibi zao, nikicheka, nikizungumza habari za sukari. Siku hiyo nilisukuma kama ninafungua mlango wa chumba cha mtoto aliyelala.

Kichwa kilipanda kidogo tu. Kijana akafungua mdomo. Uso wake ukawa wa majivu, macho yakapanda juu, shingo ikalegea.

“Presha imekwenda!” daktari akapiga kelele. “Rudisha! Miguu juu!”

Meja alirudi nyuma mpaka ukutani. Alikuwa ameona watu wakipigwa risasi, lakini nadhani hakuwahi kumwona mtu mzima akiondoka hivyo, bila jeraha, kwa kuinuliwa kichwa tu. Hakusema tena habari za msafara. Alitoka.

Tukaingia chumba cha upasuaji. Tulihitaji damu, na damu pekee iliyojulikana aina yake upesi ni ya wanajeshi, kwa kuwa imeandikwa kwenye bati la shingoni. Bati la koplo lilionyesha damu ya kumfaa mtu yeyote. Akaja, jitu lile, akauliza jambo moja tu: kama atabinuliwa. Tulipomwambia hapana, akalala akanyoosha mkono, akafumba macho, akaomba kwa lugha ya kwao mpaka chupa ikajaa.

Daktari alipofungua tumbo, damu ilitoka yenyewe. Bandama ilikuwa imepasuka. Wakati mmoja nilisikiliza mkononi nisisikie kitu, nikamwambia, naye akiwa na mikono yote miwili ndani akaendelea, akimnong'onezea yule kijana, au mwili wake, sijui: “Mwongo wewe. Mwongo mkubwa wewe. Nimekukamata, hauendi popote.” Niliogopa sana. Kwa mawazo nilimwona Edo langoni na neno langu mkononi mwake: mzima, nimemwona. Kisha kitu kikagonga masikioni mwangu, hafifu, kikagonga tena. Sijawahi kupigiwa ngoma yoyote nikaifurahia namna ile.

Kijana alipokwisha kushonwa, kabla ya kulala tena, alifumbua macho, akamwona daktari kamwinamia. Midomo ilikuwa mikavu. Kwa shida akamuuliza kama kwao nyumbani ni nabad. Daktari akamjibu, akageukia dirishani, akakaa huko muda akijifuta miwani, na hakuwa mtu wa miwani.

Jua lilikuwa limekwisha kuinama. Ndipo nilipomkumbuka Edo. Alikuwa ameuona msafara ukiondoka bila kijana. Alikuwa ameona koplo akitoka anayumba na pamba mkononi. Sisi sote tuliojua kitu tulikuwa ndani, na hapana aliyetoka kumwambia neno. Filimbi ilikuwa karibu. Ikilia, angelazimika kwenda Galbet na kukesha usiku mzima bila kujua.

“Daktari, Edo yuko nje.”

Akatoka kama alivyo. Nilimkimbilia nikamvua ile aproni ya damu mlangoni, la sivyo angetoka nayo, akili zilikuwa zimekwisha. Koti lake jeupe lilikuwa limeloa jasho.

Majiko yalikuwa yamezimika. Edo alikuwa amesimama, shuka limemshuka kichwani na hajalipandisha, na askari wa lango alikuwa anamwambia mama nenda, filimbi hiyo. Wauza maziwa wawili watatu walikuwa wamebaki naye. Walipomwona daktari wakampisha.

Daktari akafika. Akamshika mkono.

Na akanyamaza.

Wallahi, nilitaka kumfinya. Alikuwa amechoka tu, anatafuta pumzi, anatafuta neno la kwanza katika lugha ambayo haikuwa yake. Lakini Edo hakulijua hilo. Alitazama mkono wake ndani ya mkono wa daktari, na niliona uso wake unaanza kukubali. Alikuwa anauweka sawa, taratibu, kwa ajili ya habari inayokuja.

“Nyumbani nabad?” daktari akasema.

Edo akainua macho.

“Watu nabad?” Sauti ilikuwa inamkwaruza. “Watoto nabad?”

Edo hakujibu. Daktari akangoja kidogo, kisha akafanya kitu ambacho hakufundishwa, na ambacho sijamwona mtu yeyote akikifanya. Akajibu yeye, kwa niaba yake.

“Watoto nabad,” akasema. “Nabad, Edo. Nabad.” Na bila kuacha mkono, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi mzuri na hakuruka kitu, akaendelea. “Mbuzi nabad? Ngamia nabad?”

Machozi yalikuwa yanamshuka mama yule mpaka kidevuni, wala hakuyafuta. Askari wa lango alikuwa ameshika filimbi mkononi, hajaipeleka mdomoni.

“Ngamia nyinyi nachukua,” Edo akasema. Ilikuwa mara ya kwanza. “Yote. Nyumba yetu hapana ngamia hata moja.” Akaupigapiga mkono wa daktari kwa mkono wake wa pili. “Mtoto nyinyi naacha. Haya, endelea. Bado wewe hauliza mvua.”

Daktari akauliza mvua.